Msichana Aliyemimina Chai

Gortnaleha,
Kaunti ya Kerry,
Ayalandi.
Jumatatu, 15 Machi 1897

Mpendwa mdogo wangu Abina,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Boston, wewe na shemeji Jeremiah na watoto. Lile jino lililokutesa wakati wa Krismasi, je, umeling'oa? Na Lizzie kifua kimemwachia? Uliniandikia kuwa theluji ya huko ilifika dirishani, nami tangu siku hiyo kila nikiongeza bonge la mboji kavu motoni nakufikiria.

Sisi huku miili ni mizima. Goti la kaka yetu Batt limepoa kidogo. Mvua haijakatika tangu Sikukuu ya Mtakatifu Brigida, mwanzo wa Februari, ila viazi vya ghalani havijaoza. Hapo nimemaliza habari njema. Zilizobaki zinanitia kinyaa, na nimekaa siku kadhaa nikiogopa kushika kalamu nisije nikaitoboa karatasi.

Unamkumbuka Thade Crimmins? Yule aliyekuwa akiuza farasi vipofu kwenye gulio la Castleisland. Farasi ameacha, siku hizi anauza watu. Krismasi ikishapita tu anavaa koti lake refu na kuanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuunganisha wachumba, maana kila mtu anakimbilia kuoa kabla ya Kwaresima kuingia. Watu wanamsifu kuwa ni mshenga hodari. Mimi namwona kama inzi. Leo yuko mezani kwa huyu, kesho kwa yule, na huwezi kujua miguu yake imetoka kukanyaga nini.

Alifika kwetu mwishoni mwa Januari na chupa ya wiski kwapani. Alisema ana mtu, Mortimer Quill wa ng'ambo ya mlima, mwanamume wa miaka arobaini, nyumba ya paa la mawe badala ya nyasi, ng'ombe kumi na wanane, na mama yake alishakufa. Hilo la kutokuwa na mama mkwe ndani ya nyumba alilirudia mara tatu. Batt akaisogeza chupa karibu naye.

Ngoja nikukumbushe wasichana, kwa kuwa uliwaacha wadogo. Tangu Kate mke wa Batt afariki, miaka kumi na mmoja sasa, mimi ndiye niliyewalea. Eily ana miaka ishirini na sita. Mguu wake wa kushoto haukurudi sawa baada ya ile homa, anachechemea, lakini hakuna siagi katika parokia nzima inayofikia yake, na anaweza kumcheka mtu machoni pake mtu mwenyewe asijue. Nance ana kumi na minane. Huyo ni mzuri, Abina. Ana nywele za mama yetu. Akiingia kanisani wanaume wanapotea katika vitabu vyao vya sala.

Ikapangwa Jumapili ya Quill kuja kumwona mchumba. Siku mbili kabla yake Batt aliniita zizini, akaniambia Eily asionekane siku hiyo. Nance ndiye atakayemimina chai. Nikamuuliza kwani anayeolewa ni nani. Akasema ni Eily, mkubwa ndiye anayetangulia, lakini mtu akianza kwa kuuona mguu hataona kitu kingine. Kwa hiyo aone kwanza uzuri wa ukoo, mengine atayazoea akishaoa. Na Nance, alisema, anamwekea mtu mwenye mali kuliko huyu. Aliyasema yote hayo akimkuna ng'ombe mgongoni, sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia kesho tutapanda kabichi.

Sasa soma nilichofanya mimi, maana sitaki ufikirie dada yako alikaa pembeni kama mtakatifu. Nilimpeleka Eily chumba cha maziwa, nikamwambia siagi ya gulio inatakiwa kesho yake asubuhi, asitoke mpaka imalizike. Ulikuwa uongo. Kisha nikarudi nikamchana Nance nywele na kumfunga utepe wa bluu. Nance mwenyewe aliambiwa dada yake ana haya, yeye amhudumie mgeni tu. Nilijiambia kuwa Quill akishaishi na Eily mwezi mmoja, mguu atausahau. Mtu akitaka kufanya jambo chafu hakosi la kujiambia.

Quill akaja. Kama yeye ana miaka arobaini basi mimi nakaribia komunyo ya kwanza. Ana hamsini na tatu kwa uchache. Masharubu yake aliyapaka rangi ya viatu, na mvuke wa chai ulipoyapata, rangi ikaanza kudondoka kwenye kisahani. Alikunywa hivyo hivyo. Alimtazama Nance kuanzia visigino, akapanda taratibu, akasimama kidogo kiunoni, akaendelea. Nimewaona wanaume wakimtazama mtamba hivyo gulioni, ila gulioni angalau wanamfungua kinywa na kutazama meno. Hakuna mtu aliyetaja jina la msichana alasiri ile yote, na huko ndiko Batt na Thade walikoficha ujanja wao.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Batt kwenda kulikagua shamba la Quill. Alirudi amelewa na kufurahi. Ng'ombe kumi na wanane aliwaona kwa macho yake, na lundo la samadi lilikuwa refu kufika dirishani. Jioni ile ile wakakubaliana mahari ambayo Eily angekwenda nayo kwa mumewe, ng'ombe wanne kutoka zizi letu. Batt akawataja mmoja mmoja, na wa nne alikuwa Drimin. Drimin wangu, Abina, yule ambaye ni uzao wa ng'ombe ambaye mama aliniachia kwa kinywa chake akiwa kitandani. Hakuniuliza. Nilikuwa nimekaa pale pale namenya viazi. Nikaendelea kumenya.

Eily naye alidanganywa kwa namna yake. Batt alimwambia kuwa Quill alimwona kanisani kitambo, akaupenda utulivu wake, na kwamba mguu haumsumbui hata kidogo. Eily hamwamini mtu, unamjua, lakini hilo aliliamini. Wiki mbili zile alikuwa akiimba peke yake akikamua. Mimi nilikuwa nikisikia kule kuimba, na nilinyamaza.

Harusi ikawekwa Jumanne ya mwisho kabla ya Kwaresima. Siku hiyo Padre Hartnett alikuwa na ndoa nne, yetu ikiwa ya mwisho, na kanisa lilijaa harufu ya makoti yaliyolowa mvua. Eily alivaa gauni la kahawia na glavu zangu. Nilimwona akikaza mguu njia nzima hadi altareni ili usionekane. Quill alikuwa amesimama kule mbele. Alimtazama Eily akija, akamtazama kama mtu anayempisha mpita njia, kisha macho yake yakamtafuta Nance kwenye benchi la kwanza na akatabasamu.

Eily aliliona tabasamu lile. Akasimama.

"Huyu siye," Quill akamwambia padre. "Wangu ni yule aliyemimina chai."

Eily akageuka. Hakumtazama baba yake. Alinitazama mimi, na nikajua kuwa wakati ule ule ameielewa siagi ya Jumapili ile. Nikifa leo, mtazamo ule ndio nitakaoulizwa.

Ningependa kukuambia kuwa wanaume walishikwa na aibu. Thade alitoka bencheni akaja mpaka kwenye ngazi za altare, akaanza kunong'ona, kama kawaida yake. Akasema msichana ni msichana, na kwamba tofauti hiyo inaweza kufidiwa. Mtamba mmoja juu ya wale wanne, na Quill achukue huyu huyu. Quill akafikiri. Padre aliwaambia wanyamaze, lakini walishazama humo, hawakumsikia. Kisha Quill akamtazama Eily chini, mguuni, akamuuliza Batt, sio yeye:

"Maji anaweza kubeba, kutoka mtoni?"

"Ndoo mbili," Batt akasema. "Huyu usimwone hivi."

Hapo ndipo Denis Tangney, jirani yake Quill, aliyekuwa amesimama nyuma mlangoni na ameshakunywa, alipoanza kucheka. Akamwambia Batt kwa sauti ya kusikika kanisa zima apatane haraka, maana wale ng'ombe aliowahesabu kwa Quill, tisa ni wake yeye Tangney, aliwaazimisha kwa siku mbili na zaidi ya wiki mbili zimepita hajarudishiwa. Watu wakacheka ndani ya nyumba ya Mungu. Batt akawa mwekundu mpaka shingoni. Nikadhani imekwisha, tutakwenda nyumbani.

Thade hakupepesa hata jicho. Alisema vizuri, basi kila mmoja amemdanganya mwenzake, hakuna anayemdai mwenzake, wapeane mikono. Na kaka yetu, mwana wa baba yetu, akatema mate kiganjani mbele ya altare, kama wanavyofunga bei gulioni, na kuunyoosha mkono.

Eily akavua glavu zangu, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya kizuizi cha altare.

"Maji nabeba, Bwana Quill," akasema. "Wewe sitakubeba."

Kisha akashuka katikati ya kanisa, akichechemea waziwazi, hakuukaza mguu tena wala hakuharakisha. Hakuna aliyecheka. Mlango wa kanisa ni mzito, na hakuna mwanamume aliyemsaidia kuufungua.

Kilichofuata ndicho kinachonitapisha kila nikikikumbuka. Batt alimgeukia Nance, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta kutoka bencheni.

"Basi mchukue huyu," akamwambia Quill. "Si ndiye uliyemtaka?"

Nikasimama. Unajua mwanamke hasemi kanisani, nami maishani mwangu sijawahi kusema hata "samahani" humo kwa sauti. Nilisema. Nilimwambia padre na watu wote kuwa mimi ndiye niliyemficha Eily chumba cha maziwa, mimi ndiye niliyemfunga Nance utepe, na kwamba tulimuonyesha mtu binti mmoja ili tumpe mwingine, na sasa tunambadilisha kama viatu. Batt akaniambia nikae. Sikukaa. Nilimwambia amwachie mtoto mkono, na nadhani nilimwita jina ambalo sitaliandika hapa kwa kuwa Lizzie ameshajua kusoma.

Padre Hartnett akafunga kitabu. Alimchukua Nance peke yake hadi chumba cha sakristia, akafunga mlango. Walikaa huko robo saa nzima. Tulisubiri. Quill alikaa chini, akatoa kitambaa akafuta masharubu, na kitambaa kikawa cheusi. Thade alikuwa akitafuna peremende.

Walipotoka padre alikuwa amepauka. Alisema amemuuliza msichana mara tatu kama anaolewa kwa hiari yake, akamwambia wazi kuwa anaweza kukataa na yeye atamlinda, na mara zote tatu amejibu kuwa anakubali. Nance alikuwa akitazama sakafu. Wakafungishwa ndoa dakika ile, na mimi nikiwa bado nimesimama kama mjinga.

Karamu ilifanyika kwetu kama ilivyopangwa, kwa kuwa nyama ya nguruwe ilishachemshwa. Fidla ilipigwa. Wanaume wale wale waliocheka kanisani walikula kwangu, wakanisifia kabichi. Bwana harusi alilala mezani kabla ya saa mbili, shavu likiwa ndani ya sahani. Mimi sikutia kitu kinywani.

Kesho yake, Jumatano ya Majivu, Denis Tangney alipita mbele ya lango letu akiwaswaga ng'ombe wake tisa kwenda kwao. Batt alikuwa amesimama hapo na alama ya majivu kwenye paji la uso. Aliwatazama wakipita mmoja mmoja hadi wa mwisho. Alasiri Thade naye akaja, anatabasamu, ati kutazama kama hakuna kinyongo. Nilikuwa na karai la maji ya kuoshea vyombo vya karamu, yenye mafuta ya nguruwe. Sikumpigia kelele. Nilimmwagia tu, lote, kuanzia kofia kushuka chini.

Eily alikuwa amekwenda kwa padre moja kwa moja, na mpishi wake mzee akampa kitanda jikoni. Nilikwenda kumwona mara mbili, akakataa kutoka. Mara ya tatu alinifungulia. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumwomba. Alinipa mpini wa pipa la siagi, tukasukasuka maziwa pamoja mpaka siagi ikatoka. Ndipo aliponiambia kuwa anataka kuja kwako.

Kwa hiyo Alhamisi nilimchukua Drimin nikampeleka gulioni. Batt alinizuia langoni, akasema yule ni ng'ombe wa Quill, ameshaahidiwa. Nikamwambia mwenye kumtoa Drimin ni mama, amwendee makaburini wakaelewane. Alipisha njia. Mnunuzi kutoka Tralee alitema mate kiganjani akanyoosha mkono, na mimi, baada ya niliyoyaona altareni, niliuficha wangu chini ya shali kwanza. Lakini nilitema yangu nikampa mkono. Nilimsikia Drimin akilia mpaka mwisho wa barabara.

Eily anapanda meli Queenstown tarehe nane Aprili. Nakuomba wewe na Jeremiah mkampokee. Atakuwa na shali ya kijivu, na hata katika umati utamjua kwa mwendo. Mtafutie kazi yenye maziwa kama ipo. Na lile uliloniandikia mwezi wa Desemba, kuhusu yule mjane rafiki wa Jeremiah mwenye gari la farasi anayetafuta mke kutoka huku kwetu, nilichanilia mbali ukurasa huo kabla Eily hajauona. Nakupenda, lakini ukimwonyesha mtu yeyote msichana huyu, nitavuka bahari nikufuate.

Jana nilivuka mlima kwenda kumwona Nance. Ni mwendo wa saa mbili, na matope yake unayajua. Paa la mawe lipo kweli. Ndani kuna moshi, na nguruwe jike na watoto wake kwenye kona, na makoti ya Quill yanayonuka kuliko nguruwe. Mwenyewe alikuwa shambani. Nance alikuwa na hali nzuri, mikono tu imeanza kupasuka. Nilimwomba msamaha kwa utepe na kwa yote. Kisha nikamuuliza swali lililokuwa likinikosesha usingizi. Padre alimfungulia mlango mara tatu, kwa nini hakutoka?

Alikuwa akikata mkate. Hakuinua kichwa.

"Shangazi, ningetoka niende wapi? Ningerudi kwa baba nikakaa kwenye kiti chako, nikamenya viazi vya mtu asiyeniuliza kitu, mpaka nywele ziwe nyeupe. Nimekutazama tangu nikiwa na miaka saba. Padre aliniuliza mara tatu, na mara zote tatu nilikuona wewe. Nikaona afadhali Quill."

Hakusema kwa ubaya, Abina. Angesema kwa ubaya ningejua la kumjibu. Alipaka siagi kwenye mkate, akanipa, nikaula wote kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Akanisindikiza hadi ukutani mwa shamba na kunikumbatia.

Nilirudi jana hiyo hiyo nimelowa hadi magotini. Nilipofika, Batt alikuwa amekaa karibu na moto. Aliniuliza chakula kiko wapi. Hakuuliza nilikotoka, hakuuliza Nance yu hali gani. Nilisimama mlangoni na shali yangu inadondosha maji, nikakitazama kile kiti changu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Ni kiti kibaya. Mguu mmoja mfupi.

Mpishi wa padre anarudi kwa watoto wake baada ya Pasaka, macho hayaoni tena. Padre Hartnett aliniuliza wiki iliyopita kama ningependa nafasi hiyo, kwa mshahara na chumba chenye ufunguo. Nilisema nitafikiri, kwa kuwa nilidhani Batt hawezi kuishi bila mimi. Leo asubuhi nimempelekea jibu kuwa nakuja. Batt bado hajui. Atajua siku atakayotaka viazi.

Nisalimie shemeji Jeremiah, na mwanao Humphrey, na Lizzie wangu umbusu kifuani palipokuwa pakimuuma. Eily anakusalimu, anasema atakuletea mbegu za kabichi za hapa. Nance anakusalimu pia. Batt hakutuma salamu, nami sikumwomba. Mungu na Mama yake wawafunike wote chini ya paa moja, na bahari iwe tulivu wiki hiyo ya Aprili.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Hanora Lenihan